Filimbi ya Kisimani

Jumanne, saa moja asubuhi, ukungu haujainuka.
Natia ufunguo kwenye kofuli la bomba namba arobaini na saba,
nafunua kifuniko,
kisima kinanitolea pumzi ya chuma usoni.
Nashusha filimbi.

Si kile kipimo cha umeme nilichopewa ofisini,
kinacholia kama simu ya mtu asiye na adabu.
Hii ni ya shaba, ya baba,
imezungushiwa vikombe vidogo ubavuni,
kila kikombe sentimita moja.
Ikigusa maji, hewa hukimbilia juu
nayo hulia mara moja, kwa mbali,
kama mtoto aliyejificha mchezoni
akachoka kungoja kutafutwa.

Naivuta. Nahesabu vikombe vilivyojaa.
Mita sita, sentimita kumi na nane.
Mwezi jana ilikuwa sita na nusu.
Yanapanda.

Baba yangu, Mjertyn, ndiye aliyeyashusha.
Miaka thelathini na mmoja, zamu ya usiku,
pampu mia tatu zikinguruma kuzunguka shimo
ili ile mashine ndefu kuliko mtaa
ichimbe makaa pakavu.
Visima vya Łukojce vikakauka kimoja kimoja.
Mialoni ikaanza kufa, kuanzia vileleni.
Kisha Łukojce yenyewe ikahamishwa,
kanisa, makaburi, na jina kwenye kibao,
kilomita nne magharibi,
kwenye nyumba nyeupe ambazo baba hajazizoea:
mpaka leo, gizani, anapapasa kitasa
upande usio wake.

Tuliambiwa maji yakimwagika hayazoleki.
Haya yanajizoa yenyewe.
Tangu pampu zizimwe yanarudi,
bila hodi, bila kuuliza nani alihama,
yakipenya mchanga uliovuta hewa miaka yote hiyo,
yakiokota kutu njiani.

Ramani yangu ina mishale ya buluu.
Mmoja unaingia shimoni; huko, wanasema,
patakuwa ziwa, na watalii.
Mwingine unakwenda mtoni,
na mto umekuwa chai ya rangi.
Wa tatu, mwembamba, nilioupiga kwa penseli
maana sikuwa na hakika,
unapita chini ya nyumba ya Bi Lejna.

Ananingoja uani na mabuti ya mpira.
Ghala lake la chini limejaa hadi vifundoni,
mitungi ya matango ya siki inaelea, inagongana.
"Binti wa pampu," ananiita,
"mwambie baba yako aje awashe."
Anacheka. Halafu hacheki.
Anataka karatasi yenye mhuri
isemayo maji haya ni ya mgodi, si ya mvua.
Ofisini watajibu: mwaka huu mvua zilizidi.
Mimi nina daftari la miaka tisa
na pengo moja: bomba la hamsini na mbili,
jirani kabisa na ukuta wake,
liligongwa na trekta
mwaka uleule ambao ningelihitaji.
Namwambia hivyo. Ananitazama kwanza,
kisha ananipa mtungi mmoja wa matango,
kana kwamba mimi ndiye niliyepatwa.

Jioni baba huuliza, kama anayemjulia mgonjwa hali:
"Yamefika wapi?"
Namtajia.
Anafumba macho, anahesabu kwa vidole.
"Kwenye kisima cha mama hiyo ingekuwa
chini kidogo ya jiwe lenye ufa.
Ndoo ya maziwa tuliining'iniza hapo, yasichache."

Kisima kile hakipo.
Hata udongo wake haupo,
ulipandishwa kwenye mkanda, usiku,
ukamwagwa ng'ambo ya shimo.
Zamu ya nani, hatujawahi kuulizana.

"Na rangi yake?" anasema baba.

Sijamjibu.
Nimekaa mezani na mtungi wa Bi Lejna,
nachovya kitambaa kwenye siki,
nasugua filimbi kikombe kwa kikombe,
na kila kimoja kimeshika
duara dogo, la machungwa,
lisilotaka kutoka.